Jiwe la Njia Lililogeuzwa Mpaka

Jua bado halijafika kwenye mabati ya Cimpunda, lakini Adélaïde Nabintu amekwisha kupiga magoti kwenye tope. Mbele yake limesimama jiwe la saruji linalomfika gotini. Mvua ya jana imelirushia udongo mwekundu hadi kichwani. Adélaïde anachovya gunzi la mahindi ndani ya ndoo na kulisugua jiwe taratibu. Rangi ya njano inaanza kutokea, halafu nyeupe, halafu maandishi: KWA NYUKI.

Wanawake wanaoshuka na makaa kuelekea soko la Kadutu wanampita mmoja mmoja, kamba za mizigo zimewakaza kwenye paji la uso. Mmoja wao hasimami, ila anamtupia jicho.

"Maman Adé, unaogesha batoto?"

"Naogesha. Habana mama mwingine."

"Na habalii?"

"Banalia tu siku unabakalia na hiyo gunia yako!"

Kicheko kinateremka nao mpaka kwenye kona. Adélaïde anabaki na tabasamu dogo, kisha nalo linazimika. Anashika kiuno, anainuka kama mtu anayeinua mzigo usio wake, anachukua ndoo na kupanda kulifuata jiwe jingine.

Ana umri wa miaka arobaini na saba. Ni mjane na mama wa watoto wanne. Katika kilima chote hiki ndiye peke yake aliyebaki kuitunza njia ya miguu inayoanzia nyuma ya nyumba za mwisho za Cimpunda na kupanda hadi kilele cha Cihamba. Kutoka kule juu mtu huliona ziwa likiingia na kutoka kati ya rasi za Bukavu, na nyumba zilivyobanana kwenye miteremko mpaka unajiuliza ya nyuma inapitia wapi kutoka.

Zamani walikuwa waongozaji sita. Palikuwa na mradi uliowapa buti na makoti ya mvua, ukawafundisha kusalimia wageni kwa lugha tatu. Mradi ulipofunga milango, na habari za barabara zilipozidi kuwa mbaya, wageni wakapungua. Waongozaji nao wakapungua. Mmoja alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, wengine wakapanda pikipiki za kubeba abiria. Adélaïde akabaki.

Alibaki kwa sababu mawe yale yalimiminwa na mume wake, Fabien, fundi mwashi, aliyefariki kwa ugonjwa wa kifua. Fabien aliyamimina moja baada ya jingine ndani ya bidoni za mafuta ya kupikia zilizokatwa vichwa, akayabeba mwenyewe mpaka juu.

"Angeniachia nyumba, ningelinda nyumba," Adélaïde anasema. "Aliniachia mawe. Njo maana nalinda mawe."

Kazi ya kulinda mawe hailipi. Mpanda kilima mmoja humpa faranga elfu tano kwa kuongozwa, na mwaka ule kabla mambo hayajabadilika zilipita wiki nyingi bila kumwona hata mmoja. Siku nyingine zote alikuwa akibeba mchanga wa wajenzi kule Nyalukemba. Jioni alirudi na shingo iliyokataa kugeuka. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amekwisha kurudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo.

Hapo ndipo alipotokea Elodie.

Elodie Furaha anasomea uuguzi na anaishi Nyalukemba. Jumamosi moja alifika Cimpunda na wenzake, akitaka kupanda Cihamba. Adélaïde aliwatangulia, lakini kila akigeuka alimkuta msichana yule ameinamia simu.

"Niliona vibaya," anakumbuka. "Nikamwambia, mwanangu, kama unataka kuangalia simu, kwa nini umechokesha miguu?"

Elodie akacheka, akamweleza. Ndani ya simu mlikuwa na mchezo ambao haumkubali mtu aliyekaa kitini. Mchezaji anatakiwa atoke, atembee hadi mahali penyewe palipo kwenye ramani, iwe kanisa, sanamu au lango la shule ya zamani. Akifika, mahali pale humpa alama, na alama hizo ndizo anazoshindania na wenzake. Kule kwao Nyalukemba palijaa sehemu za namna hiyo. Lakini ramani ilipopanda juu ya Kadutu ilibaki nyeupe, kama vile dunia imeishia hapo.

"Imeishia namna gani," Adélaïde aliuliza, "na mi niko naishi huku?"

Swali hilo ndilo lililoanzisha yote. Elodie alisimama, akaliangalia jiwe lililokuwa mbele yao, lenye rangi, lenye namba, lililosimama kando ya njia ya watu wote. Akasema, "Maman, hii jiwe inaweza kuingia ndani ya mchezo."

Kuingia kwenyewe hakukuwa kwepesi. Mchezaji mwenye uzoefu hupendekeza mahali, akatuma picha mbili na maelezo mafupi. Kisha wachezaji wengine, popote walipo duniani, hupiga kura kukubali au kukataa. Wanataka kitu cha kudumu kinachofikika kwa miguu bila hatari, chenye jina na habari yake. Elodie alipiga picha, akaandika, akatuma. Kila alipotuma alinunua megabaiti kwa pesa yake ya nauli, akarudi nyumbani kwa miguu.

Majibu yakaanza kuja, na yote yalikuwa ya kukataa.

Wa kwanza alisema ni jiwe tu. Wa pili alisema ni kitu cha muda. Mwingine aliona nguo za watu zimeanikwa nyuma ya jiwe, akadhani ni ua wa mtu. Mwingine akaandika kwamba linaonekana kama kaburi.

"Ile ya kaburi iliniuma," Adélaïde anasema. "Fabien iko na kaburi yake kule chini, haina hata simenti. Nikamwambia Elodie, umujibu huyo mutu alete maua basi."

Palikuwa na jibu moja lililowachekesha. Mtu asiyejulikana, pengine hajawahi hata kuisikia Bukavu, aliandika kwamba lile halikuwa jiwe la njia bali mpaka wa shamba la mtu binafsi. Walicheka mpaka Elodie akafuta machozi.

Hawakukata tamaa. Waligundua kwamba mawe yenye namba peke yake yalikataliwa upesi zaidi. Elodie akaanza kuuliza kila mahali panaitwaje, na Adélaïde akamwambia majina ambayo watu wa kilimani hutumia kila siku: Kwa Nyuki, Mlango wa Upepo, Pa Kupumua. Adélaïde akaandika majina hayo kwenye mawe kwa mkono wake, herufi kubwa nyeupe juu ya njano.

Jiwe la Pa Kupumua lilikuwa na shida yake. Mvua ilikuwa imekula ukingo wa njia pale kwenye kona, jiwe likaning'inia, bado kidogo tu litumbukie bondeni. Chini kidogo ya kona lilikuwa shamba la mjane mwenzake, Lucie M'Cishugi, na ndani ya shamba hilo palikuwa na kipande tambarare chenye nafasi ya watu kuketi.

"Weka hapa, maman Adé," Lucie alimwambia. "Batu bapumuzike, mi nibauzishie ndizi."

Wakachimba shimo pamoja, wakalisimamisha jiwe ndani ya shamba, wakalishindilia kwa miguu huku wakicheka. Elodie akapiga picha: jiwe, viti vya magogo, ziwa kwa mbali. Siku ile hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Hilo ndilo lililokubaliwa.

Elodie alipiga simu akiwa darasani, akinong'ona. Adélaïde alikuwa na mchanga kichwani, akashindwa kuelewa, akamwomba arudie. Aliporudia, Adélaïde aliushusha mchanga, akakaa juu yake katikati ya barabara, na dereva wa pikipiki akampigia honi na kumuuliza kama amekosa kiti nyumbani.

Jumamosi iliyofuata walikuja vijana watano. Iliyofuata walikuja zaidi. Walitoka Nyalukemba na kwingineko mjini, wanafunzi, makarani, siku nyingine kundi la wasichana wa kwaya. Walifika wakihema, wakaligusa jiwe la Pa Kupumua ingawa mchezo hauwalazimishi kugusa chochote, wakala ndizi za kuchoma za Lucie, wakamwomba Adélaïde awapeleke mpaka kileleni. Kufikia mwisho wa muhula mtoto wa mwisho alikuwa amerudi shuleni. Adélaïde akapunguza mchanga. Shingo yake, anasema, ilianza kukumbuka kugeuka.

Kisha Télesphore akaenda kwa shefu, mkuu wa kilima.

Télesphore ni kaka mkubwa wa marehemu mume wa Lucie. Shamba lake liko juu, la Lucie liko chini, na kati yao mpaka ni safu ya vichaka iliyopandwa na baba wa ndugu hao. Vichaka vile vilikuwa vimekufa nusu. Lile jiwe la njano lilisimama chini zaidi, ndani kabisa ya shamba la Lucie. Télesphore alidai kwamba jiwe ndilo mpaka halisi, na kipande chote kilicho juu yake ni chake.

Mtu asiyeyajua maisha ya huku anaweza kucheka. Lakini katika vilima hivi ardhi ni haba kuliko mvua, na kila mtu anasoma alama zake kama anavyosoma uso wa mtu. Ukipewa shamba la kulima kwa muda, unapanda maharage, hupandi mti, kwa sababu aliyepanda mti amekwisha kusema kwamba habanduki. Na saruji ni zaidi ya mti. Saruji huja na mpimaji wa serikali, ndiyo ile "borne" inayosimikwa kwenye kona ya kiwanja mtu anapopata hati. Hata mtoto anayechunga mbuzi akiona nguzo fupi ya saruji shambani anajua ni ya nini.

Adélaïde alilijua hilo tangu utotoni. "Njo kitu inanichokesha zaidi," anasema. "Kama ningekuwa mugeni, ningesema sikujua. Mi ni mutu wa hapa. Nilikuwa naangalia batembezi tu, sikuangalia udongo."

Siku moja kabla ya kikao alichoitisha shefu, Elodie alimkuta anafua nguo kwenye chemchemi. Alikuwa amepanda mbio, na sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Maman, usiseme ni lako. Nyamaza tu. Shefu atamaliza mwenyewe."

"Nikinyamaza, Lucie anapoteza shamba."

"Na ukisema, watalitoa. Likitoka pale, wachezaji watakaokuja watatoa taarifa kwamba halipo, na mahali pataondolewa kwenye ramani. Tumehangaika miezi mingapi, maman? Watu hawatakuja tena."

Adélaïde aliendelea kukamua shuka. Alikuwa akimwona Lucie na magogo yake ya viti, akimwona mtoto wake na begi la shule, na kila akiupima mzigo mmoja, mwingine ulizidi uzito. Mwishowe alisema, "Shika hapa upande huu, tukamue," na Elodie akashika, wakakamua shuka pamoja.

Kikao kilifanyika Jumamosi asubuhi, uani kwa shefu Jean-de-Dieu Cirimwami. Kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kilikuwa katikati, lakini hakuna aliyekuwa ameonja. Télesphore aliongea wa kwanza, ameegemea fimbo.

"Mi sikupanda ile borne," alisema. "Niliikuta pale. Simu ya bazungu inaionyesha. Batu banatoka Nyalukemba banakuja kuigusa. Nani anapanda mulima kugusa kitu ya bure?"

Watu wakacheka. Hata shefu aliziba mdomo.

"Papa Télesphore," Lucie akajibu, "bale batoto banakuja kucheza!"

"Kucheza? Batu bakubwa, banasoma iniverisite, banacheza na simenti ya shamba yako? Maman Lucie, mi ni muzee, siko mutoto."

Kwa kweli, ukilisema jambo hilo hivyo, lilikuwa gumu kuaminika.

Shefu akamgeukia Adélaïde. "Maman Adé, hili jiwe ni la nani?"

Elodie alikuwa amesimama nyuma karibu na lango, simu mkononi, akiangalia chini.

"Ni jiwe yangu," Adélaïde alisema. "Fabien aliimimina. Mi niliisogeza pale sababu mvua ilikula njia. Lucie aliniruhusu. Haikuwa mupaka, haijawahi kuwa mupaka. Ni jiwe ya batembezi."

"Kama ni ya batembezi," Télesphore alisema bila hasira, "kwa nini haikukaa njiani? Unaona, shefu. Simenti haipandwi ovyo ndani ya shamba ya mutu. Maman Adé anajua hiyo. Fabien alijua hiyo."

Maneno yale yalimwingia Adélaïde kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Shefu akatoa uamuzi ambao watu wa Cimpunda bado wanausimulia. Jiwe, alisema, halina mdomo, linasemewa na aliyelipanda. Basi aliyelipanda aende alitoe, mbele ya macho ya wote. Akilitoa kwa mkono wake, lilikuwa la njia, na mpaka utabaki pale ulipoachwa na wazee. Akikataa kulitoa, lilikuwa mpaka.

Wakapanda wote kwa mstari. Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo walipofika Pa Kupumua walikuta vijana wameketi kwenye magogo, ndizi mkononi. Adélaïde akawasalimia, akamwomba Lucie jembe, akaanza kuchimba.

"Maman, unaharibu!" kijana mmoja akasimama. "Hii ndiyo yenyewe! Iko kwenye mchezo!"

"Najua, mwanangu."

"Sasa kwa nini?"

Adélaïde alichimba mpaka jiwe likalegea, akaliyumbisha, akalikumbatia kifuani. Liligoma. Alijaribu tena. Hapo fimbo ikaanguka chini, na mikono ya mzee ikashika upande wa pili.

"Acha nikusaidie, utavunjika mugongo," Télesphore alisema.

Wakaling'oa pamoja. Upande wa chini, chapa ya bidoni ya mafuta ilikuwa imejichora kwenye saruji kinyumenyume, safi kama siku ilipomiminwa. Télesphore alikuwa anahema. Akamwambia Adélaïde kwa sauti ya chini, ambayo waliokuwa mbali hawakuisikia:

"Niko na batoto batatu bakubwa, maman Adé. Banataka kuoa. Shamba haizai shamba."

"Najua, papa," Adélaïde akamjibu. Na alijua kweli. Ndiyo maana mpaka leo hamsemi vibaya.

Lucie alilifukia shimo siku ileile, akapanda maharage juu yake.

Mahali palikaa kwenye ramani kwa muda, halafu pakatoweka, kama Elodie alivyosema. Kundi moja lilipanda mpaka pale, likakuta maharage, likarudi mjini likilalamika. Jumamosi zikaanza kupungua sauti. Lucie naye alipata hasara, kwani alikuwa ameongeza mikungu. Lakini Lucie ni mtu wa maneno.

"Basi unipake mimi rangi," alimwambia Adélaïde. "Ya manjano kabisa. Nikae pale siku yote, bakuje banipige picha."

"Nawe utakataliwa. Batasema wewe ni kitu cha muda."

"Hapo bamesema kweli!"

Walicheka, na baada ya kicheko kila mmoja akashika mzigo wake. Adélaïde amerudi kwenye mchanga. Na uchovu wake una upande mwingine: habari ya jiwe moja iliwafanya watu wayatazame upya mawe yote. Moja alilikuta limeng'olewa na kulazwa kifudifudi. Jingine lilikuwa limefunikwa na majani, kana kwamba mwenye shamba hakutaka lionekane wala hakuthubutu kuligusa. Imembidi aende mlango kwa mlango, akae, aeleze, ale alichopewa, aeleze tena. Yaliyokuwa mashambani ameyatoa yote na kuyasogeza kando ya njia yenyewe. Hayo ndiyo anayoyaosha asubuhi hii.

Anapomaliza la mwisho, anaweka ndoo chini na kuonyesha kitu kilicho juu zaidi.

Ni mwamba. Njia yenyewe inauzunguka, maana ulikuwepo kabla ya njia, kabla ya mashamba, kabla ya shefu na baba yake shefu. Uko katikati ya mapito ya watu, na hakuna mtu anayeweza kusema aliupanda.

Upande wake mmoja umepambwa kwa nyayo za njano. Kuna kubwa zenye vidole vilivyotawanyika, kuna nyembamba, na mmoja una alama ya kidonda kisiginoni. Ni nyayo za wenye mashamba yanayopakana na njia. Adélaïde aliwaomba waje mmoja mmoja, mbele ya shefu, wachovye mguu kwenye rangi na kuukanyaga mwamba, kila mmoja akitamka kwa mdomo wake kwamba hapa watu wanapita na hakuna anayegawana udongo. Shefu alikanyaga wa kwanza, akiwa ameshikwa mabega na watu wawili ili asianguke. Lucie alikanyaga, akapiga kelele kwamba rangi ni baridi.

Wazo la nyayo lilikuwa la Adélaïde. Anasema lilimjia akiwa na mchanga kichwani, anatazama chini, anaona miguu ya watu tu. "Nikajiambia, sijawahi kuona mupaka yenye mguu. Mupaka inasema simama. Mguu inasema pita."

Elodie, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho, alipanda wiki iliyopita. Alipouona mwamba alitoa simu. Anaamini kwamba safari hii wapiga kura watakubali: ni kitu cha kudumu kabisa, kina habari yake, kimetengenezwa na watu wa mahali. Alitaka kuutuma siku ileile, kabla mvua kubwa hazijaanza.

Adélaïde alimkatalia.

"Hata picha moja tu, maman?"

"Hata nusu."

Maana unyayo mmoja bado haupo. Télesphore hajaja. Amealikwa mara ya kwanza, akasema mguu unamsumbua. Amealikwa tena, akasema atafikiri. Shefu mwenyewe amemwambia Adélaïde kwamba nyayo zilizopo zinatosha, mzee mmoja hawezi kuzuia kilima kizima. Adélaïde anamheshimu shefu, lakini kwa hili hamsikilizi. Picha ikienda duniani bila mguu wa Télesphore, anasema, watu wataanza kuhesabu nani yupo na nani hayupo, na mwamba nao utageuka borne kama jiwe.

Kwa hiyo anangoja, na kungoja kunamgharimu. Jumamosi iliyopita walipanda watu wawili tu. Mmoja wao alimuuliza kwa nini mahali kama hapa hapako kwenye mchezo, naye akasema pako njiani.

Anainama, anafungua kopo la rangi lililofichwa kwenye kivuli cha mwamba, limefunikwa kwa jani la mgomba na kufungwa kwa uzi. Anakoroga kwa kijiti. Rangi ingali laini. Anaelekeza kidole sehemu ya chini ya mwamba, karibu kabisa na ardhi, palipo wazi.

"Pale ni pake. Nimemuachia chini, juu magoti yake hayapandi," anasema, na kuanza kulifunika kopo tena. "Nitangoja mpaka Jumapili. Asipokuja, mi nitabeba kopo nimufuate kwake, achovye mguu akiwa amekaa kwenye kiti yake. Halafu nitamubeba mugongoni mpaka hapa, kama nilivyobeba simenti."